Mkasi wa Mtumiaji Mmoja

Mheshimiwa mgeni rasmi. Bwana Mkurugenzi, mwenye nyumba hii. Profesa, ambaye hujaacha kunitazama kwa wasiwasi tangu nilipoingia. Madaktari, wauguzi na mafundi wa makoti meupe. Ndugu wageni waalikwa. Majirani zangu mliokuja na nguo nilizowashonea mimi, na naona wengine mmenenepa bila kunipa taarifa. Na nyinyi mliosimama kule nyuma, mliopiga deki ukumbi huu tangu asubuhi, ambao kwenye karatasi ya itifaki hammo lakini kwenye mdomo wangu mmo: hamjambo?

Hiyo ni sauti ya wagonjwa. Narudia. Hamjambo?

Haya, sasa mmeamka.

Nimeambiwa nina dakika tano. Mshereheshaji, hiyo saa yako ifunike na mkono wa shati, maana mimi nimemlea huyu mnayemsherehekea kwa miaka ishirini na siwezi kummaliza kwa dakika tano. Shule niliishia darasa la nne. Maneno haya nimeyaandika mwenyewe kwa penseli, kwa siku kumi na moja, na pale nilipokosea nimefuta kwa kidole. Kwa hiyo nikisita mjue nasoma shimo.

Nimeitwa kukata utepe. Leo inafunguliwa karakana hii, ambayo itatengeneza viraka vya dawa alivyovibuni mjukuu wangu, na ambavyo serikali imempa hataza nne. Majirani, hataza ni cheti kinachosema jambo hili amelibuni fulani, na mtu mwingine asijitie kifua mbele kwamba ni lake. Mjukuu wangu anazo nne. Kuna watu humu wana mashati manne tu.

Pale mezani wameniwekea mkasi wa rangi ya dhahabu juu ya mto. Nimeujaribu kwenye ukingo wa leso yangu. Haukati hata uzi. Nimekuja na wangu. Huu hapa, una miaka arobaini na mmoja, umekata sare za shule, magauni ya harusi na sanda. Mlinzi wa mlangoni akanizuia, akaniambia, "Bibi, silaha haziingii humu." Nikamwambia, "Mwanangu, silaha yangu ni ulimi, na huo umeshaingia." Akacheka, nikapita.

Lakini kabla ya utepe nina jambo.

Mnamwona mama huyu wa mstari wa mbele, mwenye kitambaa cha kijani, aliyekalia mto kwa sababu kiti kinamuumiza? Ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nyonga yake imelika. Vidonge vya maumivu tumbo lake limevikataa; akimeza asubuhi, kabla ya saa nne ameshavitapika. Daktari amemwambia mara tatu avae kiraka cha dawa, amekataa mara tatu. Anakataa kwa sababu ya jambo lililompata miaka kumi na miwili iliyopita, na jambo hilo alielezwa uongo. Aliyemweleza uongo ni mimi. Utepe unaweza kusubiri. Yeye hawezi.

Usinikodolee macho, mdogo wangu. Keti. Nitakueleza, ila kwa mpango, maana sijawahi kushona mikono kabla ya kiwiliwili.

Nianze na mtoto mwenyewe. Mama yake, binti yangu, alikuwa muuguzi wa zamu, na mtoto akawa anashinda chini ya meza yangu ya kukatia. Aliokota kila kilichoanguka. Siku moja akaokota kastabini yangu, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, akakivaa kwenye dole gumba na kukataa kukivua. Alikula nacho, alioga nacho, alikwenda nacho hadi shule, na mwalimu akaniita kuniuliza kama mtoto ana ugonjwa wa kidole. Tangu hapo jina lake nyumbani ni Kastabini. Kwenye kadi ya mwaliko mmemwandika Daktari. Mimi nitamwita Kastabini, na asiyependa azibe masikio.

Nilimfundisha kupinda. Msiuone upindo kitu kidogo. Nguo nzuri yenye upindo mbaya ni nguo mbaya. Nikikuta mshono mmoja umeruka, nafumua wote, hata kama amekesha nao; na yeye hakulia. Alikuwa anarudia huku ameninunia, midomo imemtoka hivi. Alipofika miaka kumi na miwili upindo wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Sikumwambia. Namwambia leo. Kastabini, upindo wako ulikuwa mzuri kuliko wangu, na sitarudia.

Akasoma, akasoma tena, akapitiliza. Siku aliyopata kazi alikuja nyumbani mbio, nikamuuliza, "Kazi gani?" Akasema, "Bibi, natengeneza viraka."

Mimi nimeshona viraka kwenye magoti ya suruali za watu wasio na suruali ya pili. Nikamwambia, "Yaani umepita darasa la nne langu, ukapita shule ya upili, ukapita chuo kikuu, ukatokea upande wa pili unashona viraka? Si ungebaki hapa hapa chini ya meza?"

Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akanieleza, na nilipoelewa nikaona aibu kidogo, kidogo tu. Kiraka cha dawa unakibandika kwenye ngozi. Dawa inapita kwenye ngozi pole pole, kutwa kucha, inaingia mwilini bila sindano wala kidonge. Mtu asiyeweza kumeza, mtoto anayeogopa sindano, mgonjwa ambaye tumbo lake halikai na kitu, wote wanapata dawa huku wanaendelea na shughuli zao. Viraka vya wakati ule vilikuwa kama kifuko: dawa ya majimaji katikati, ngozi nyembamba ya kuichuja chini, na ukingo umebanwa kwa moto pande zote. Na kazi aliyopewa Kastabini ilikuwa ipi? Kubana kingo. Kupinda, kwa jina jingine! Nilitembea mtaa mzima nikitangaza.

Mwaka huo bega langu lilikuwa limekufa. Miaka yote ya mkasi ilikuwa imekaa hapa, kwenye fundo hili. Daktari akaniandika miongoni mwa watu arobaini wa kukijaribu kiraka cha karakana alikoajiriwa Kastabini, kiraka chenye dawa kali ya maumivu. Nikabandika, na bega likanyamaza. Nikasimama mlangoni nikanyoosha mkono juu kama ninayepungia ndege. Nilikuwa sijaunyoosha kwa miaka mitatu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mdogo wangu alikuja kunitembelea mchana mmoja. Nyonga ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kumsumbua. Akanikuta nimeshika kiraka kipya, natoka kukitoa kwenye pakiti.

Akasema, "Dada, na mimi nibandike."

Nikamwambia, "Hiki changu. Nimeandikiwa."

"Kidogo tu."

"Kidogo kinakuwaje? Hiki si chai."

"Hata pembe, dada. Unanyoosha mkono kama bendera, mimi mdogo wako mwenyewe nachechemea mbele yako, na wewe unanisomea maandishi ya pakiti?"

Na maandishi yalikuwepo. Nilikuwa nimeyasoma, msije mkasema sikusoma. Yalisema: Usikate. Lakini niambieni nyinyi mlioko humu, nani kati yenu hajawahi kukata kidonge katikati? Nani hajampa ndugu yake nusu? Sisi tumelelewa kwa nusu. Nusu kidonge kwa mtoto, nusu kwa mzee, nusu ya kuweka akiba. Neno "usikate" nililiona kama lile bango la "usipite kwenye nyasi", pembeni ya njia ambayo watu wameshaichimba kwa miguu. Na mimi, mwenye mkasi, niambiwe nisikate? Nikakata. Chaa! Mdogo wangu alikuwa ameshanipa mgongo, hakuona, na mlio wa mkasi nyumbani kwangu ni wa kila siku; nusu nikambandika, akajua nimempa kizima, na nusu nikajibandika mimi.

Sikujua nimepasua kifuko. Nusu yangu ilikuwa tupu, na dawa ya siku tatu nzima ilikuwa imemwagikia mgongo wa mdogo wangu kwa mara moja.

Akasema anasinzia, akalala pale kwenye mkeka. Nikaendelea kushona. Baada ya muda nikamwita, hakuitika. Nikamwita kwa lile jina la utotoni analolichukia, ambalo sitalitaja hapa. Hakuitika. Hapo nikajua huu si usingizi, maana kwa jina lile angeinuka hata kaburini anitukane. Pumzi yake ilikuwa inakuja, inasimama, inafikiri, halafu ndiyo inakuja tena. Nikamng'oa kile kiraka, nikamsugua mgongo kwa sabuni na maji, nikampigia kelele jirani mwenye gari, tukaenda hospitali.

Daktari akaniuliza, "Ana nini mgongoni?"

"Alibandikwa kiraka cha dawa. Changu. Nimekitoa."

"Kilikuwa kizima?"

Nikasema, "Kizima."

"Sasa dawa yote hii imetokaje?"

Nikasema, "Kimeachia ukingoni. Chenyewe."

Chenyewe. Nimeshona maneno mengi maishani, lakini hilo ndilo neno bovu kuliko yote niliyowahi kushona. Daktari alishajua ni dawa gani, akamchoma sindano yake, na kabla jua halijatua mdogo wangu akafungua macho, akauliza nani amemvua viatu. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini lile neno likatoka hospitali likatembea lenyewe, likafika karakana: kiraka kimeachia ukingoni. Na kingo zilikuwa za nani?

Mnaona sasa? Mimi, niliyemfundisha upindo, mimi ninayejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba upindo wa mtoto yule hauachii, ndiye niliyesema umeachia.

Kazi ikasimamishwa. Watu arobaini wakavuliwa viraka vyao, na maumivu yao yakarudi. Kastabini akachukua viraka vyote vilivyobaki, zaidi ya mia tatu, akavipitia ukingo mmoja mmoja chini ya kioo cha kukuzia. Hakukuta hata kimoja kilichoachia. Akaja nyumbani macho yamemvimba, akaniambia, "Bibi, lazima kuna kimoja kilinipita." Nikamwambia ale. Hilo ndilo nililopata la kumwambia. Ale.

Kwa nini sikusema? Mnaniuliza kwa macho, nawaona. Kwa sababu ya kiburi, basi. Mtaa mzima unaniita fundi. Fundi huyo huyo akakate dawa kama kitambaa na nusura amuue mdogo wake? Kila siku nilisema kesho. Nilisema kesho siku kumi na tisa.

Siku ya kumi na tisa asubuhi alikuja na koti lake jeupe, amelifua, amelipiga pasi, mstari wa mkono umesimama kama kisu. Akasema, "Bibi, naacha kazi. Naenda kulirudisha. Lakini kuna kifungo kimoja kimetoka, na sitaki kurudisha koti lenye kifungo pungufu."

Hata pale. Hata pale alipokuwa anaondoka kwa aibu isiyokuwa yake, alitaka aondoke na vifungo vyote.

Kopo la vifungo lilikuwa rafuni. Nilijua kilichomo. Ile nusu yangu ya kiraka, nilipoibandua, sikuthubutu kuitupa. Niliificha humo, juu ya vifungo. Ningeweza kumwambia ngoja nikutafutie mwenyewe. Mdomo ulikuwa umenishinda kwa siku kumi na tisa, nikaona basi, mkono usinishinde. Nikamsogezea kopo, nikageukia cherehani.

Nikasikia vifungo vinachakarishwa. Kisha nikasikia havichakarishwi.

Akasema, "Bibi. Huu si mpasuko. Huu ni mkasi."

Nikasema, "Ni mkasi."

"Ni mkasi wako. Una kipengo karibu na ncha, na kipengo kimeacha alama hapa."

Hiki hapa kipengo. Mstari wa mbele mnakiona.

Nikamweleza yote bila kugeuka. Nilipomaliza nilisubiri anitukane, na nilikuwa nimeshaamua kwamba siku ile nitatukanwa bila kujibu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hakunitukana. Halafu akavuta kiti, akachukua gazeti, akaniwekea mbele, akasema, "Nionyeshe ulivyokata."

Mheshimiwa, sijui mtu anaitwa mbunifu kwa sababu gani. Nyinyi mna vipimo vyenu. Mimi kipimo changu ni siku ile. Mtu mwingine angeuliza, "Kwa nini ulinifanyia hivi?" Na angekuwa na haki. Yeye aliuliza, "Ulikata vipi?"

Nikamkatia gazeti. Akaniuliza maswali kama polisi. Kwa nini katikati? Kwa nini usikate pembe? Kama maandishi yangekuwa makubwa, ungeacha? Nikamwambia ukweli: ningekata hata kama yangeandikwa kwenye paji la uso wa daktari, maana ndugu yangu alikuwa anaumwa na mimi nilikuwa na mkasi. Kisha nikamgombeza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kugombezwa na nafsi yangu. Nikamwambia, "Na nyinyi wasomi! Mnajaza kitu kizima kwenye mfuko mmoja! Mimi nikishona koti la pamba nashona mistari katikati, nagawa vyumba vyumba, ili siku likitoboka itoke pamba ya chumba kimoja, siyo koti zima limwagike barabarani. Nani aliwafundisha kushona?"

Akainuka, akanibusu kwenye kitambaa cha kichwa, akavaa lile koti jeupe likiwa na kifungo pungufu, akatoka mbio. Kifungo sijakishona hadi leo.

Alirudi karakana akasema kiraka kilikatwa, na nusu ya kiraka hii hapa. Jina la aliyekata hakulitaja. Akaniambia, "Wakubwa kule nimewaeleza, na upindo wangu umesafishwa. Bibi mdogo utamweleza mwenyewe. Hiyo si kazi ya maabara." Mdogo wangu, kwa miaka kumi na miwili, kwenye kila shughuli ya ukoo, umekuwa ukimnyooshea kidole mtoto huyu: "Yule asiyejua kupinda, nusura aniue." Umesema mbele ya wakwe. Umesema kwenye msiba. Je, uliwahi kumsikia anajibu? Alikuwa anakwenda kukuletea kiti chenye mto. Alikuwa na neno moja tu la kusema ajitetee, na neno hilo lilikuwa mimi, akalimeza. Hataza ya kumeza maneno haipo. Ingekuwepo angekuwa na tano.

Basi akaanza kazi ya vyumba vyumba. Miaka saba. Msidhani alikaa akawaza, taa ikawaka kichwani, akapigiwa makofi. Alijibandika vilivyoshindikana mikononi mwake mwenyewe, vikiwa havina dawa, kujaribu gundi. Alipovibandua viliacha vipande vyeupe na vyeusi, mikono ikawa kama ubao wa drafti. Profesa huyu hapa, na asikatae maana nilikuwepo siku ile nimempelekea mtoto chakula, alimwambia, "Mbona unahangaika? Watu waelimishwe wasikate." Kastabini akamjibu kwa adabu, lakini akamjibu, "Watakata, Profesa. Watakata kwa sababu wanapendana. Tubadilishe kiraka, watu hatuwawezi." Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaweka sahihi. Nakushukuru, Profesa. Ulichelewa, lakini uliweka.

Sasa dawa haiko kwenye mfuko mmoja. Iko kwenye vyumba vidogo kama mbegu za ufuta, kila chumba na upindo wake. Na katikati ya safu za vyumba ameacha njia tupu, isiyo na dawa, imechorwa nukta nukta. Ukikata kwenye nukta, mkasi unapita barabarani, hauingii nyumba ya mtu. Kwenye hataza ameiita "njia ya mkasi". Neno langu limo kwenye karatasi ya serikali!

Na hata gundi yake ina hadithi. Viraka vilikuwa vinawatoka akina mama, wanaume haviwatoki. Wataalamu wakapima jasho, wakapima joto, wakachora michoro. Maelekezo yalisema: bandika kwenye ngozi safi. Kastabini akaja kuniuliza, "Bibi, ukiambiwa ngozi safi unafanya nini?" Nikamwambia, "Naoga, najifuta, najipaka mafuta. Kwani ngozi iliyopauka ni safi?" Akapiga kofi kwenye meza. Watu wazima wenye digrii walikuwa wanapima jasho, na kumbe tatizo ni mafuta ya kupaka! Akatengeneza gundi inayovumilia mafuta kidogo, na akaandika upya maelekezo: "Oga, usijipake mafuta hapa." Hilo ndilo ninalolisifu kwa mtoto huyu. Anauliza. Wengine wakikuta mtu amekosea wanaandika kwamba mtu hajaelimika. Yeye anavuta kiti.

Hataza ya vyumba ilipotoka alinisomea. Kuna mahali pamesema, nimepakariri: "Mtumiaji mmoja mwenye umri mkubwa alikata kiraka kinyume na maelekezo." Mwenye umri mkubwa! Nilikuwa na miaka sitini na mitatu, naruka madimbwi. Nilimgombeza jioni nzima kuhusu umri, ili nisizungumzie yale mengine.

Nazungumza leo. Mtumiaji mmoja ni mimi. Mdogo wangu, hakikuachia chenyewe. Mtoto hakukosea. Nilikikata mimi, kwa mkono huu na mkasi huu, nikadanganya, nikakuacha umchukie asiye na kosa na uiogope dawa unayoihitaji. Nakuomba radhi mbele ya mheshimiwa, mbele ya majirani, na mbele ya waliopiga deki.

Usilie, utaniharibia karatasi, penseli hii inafutika.

Kastabini, lete kiraka. Hapana, kipya, chenye nukta. Daktari wetu yule pale ametupima sote wawili juzi, na ametuandikia nusu na nusu, atakaa nasi hadi atakaporidhika. Na nyinyi wengine, mnisikilize vizuri nisije nikalaumiwa: kiraka kisicho na nukta hakikatwi! Na chenye nukta hakikatwi mpaka daktari amesema! Mkitoka hapa mkakate vya zamani mlivyoficha kabatini, msinitaje.

Mnaona? Nakata. Polepole, juu ya nukta. Chaa.

Haya. Nusu mbili. Naziinua juu. Kuna kilichodondoka? Mliokaa pembeni, kuna tone? Hakuna.

Hii yangu nabandika kwanza, begani. Tayari. Na hii yako. Mkono wa kushoto umeuacha bila mafuta, kama nilivyokupigia simu jana?

Anasema ameuacha, alidhani ni wazimu wangu tu.

Sasa amenyoosha mkono, anasema... nini? Sema kwa nguvu, mshereheshaji mpe kipaza sauti. Anasema nisimbandike kwanza, nimpe aukague upindo. Mpeni miwani. Kague, mdogo wangu, ni haki yako. Uvute. Uvute kwa kucha. Vuta kama ulivyokuwa unavuta shuka langu tulipokuwa wadogo. Umeachia?

Rudia, Kastabini hakusikia.

"Haujaachia."

Mmemsikia. Miaka kumi na miwili nimelisubiri neno hilo, na mwenye kulingoja hasa ni huyu hapa aliyesimama na koti lenye kifungo pungufu. Kastabini, umesikia? "Haujaachia." Sasa mbandike bibi yako. Anasema umbandike wewe, mimi nisimguse. Sawa, nimekubali. Daktari, sogea.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi, Profesa, ndugu wageni waalikwa, asanteni kwa kunikopesha masikio kupita dakika zangu. Niliyokuja kusema yamekwisha. Nilikuwa sasa nikate utepe, lakini mdogo wangu ameinuka mwenyewe kwenye kiti, ananinyooshea mkono, anasema, "Dada, wewe na mkasi basi tena. Nipe mimi."

Nampa. Mpisheni apite.